Kipindi cha 41: Gesi ya Baba Mkubwa

ZUHURA: Kabla hujanisalimia, Baraka, sijalala vizuri tangu Jumanne.

BARAKA: Pole, sista. Wasikilizaji, sauti mnaisikia wenyewe. Leo tuna mambo matano kuhusu mwongozo wa kutibu mshtuko wa moyo hospitalini, nimeyaandika kabisa kwa...

ZUHURA: Yaweke pembeni kwanza. Jumanne saa nne usiku napigiwa simu: baba mkubwa ana gesi.

BARAKA: Gesi.

ZUHURA: Jasho linamtiririka, kifua kinambana, mkono wa kushoto mzito. Gesi! Namkuta kwenye bajaji na chupa ya soda mkononi. Na hiyo ni ya pili. Ya kwanza aliinywa ili abeue.

BARAKA: Akabeua?

ZUHURA: Akabeua, ndiyo balaa lenyewe. Mama mkubwa akasema, "Si mmeona? Inatoka."

BARAKA: (anacheka) Samahani. Kwetu ni magadi, yanakorogwa kwenye maji ya vuguvugu. Halafu mama anakutwanga mgongoni mpaka useme imetoka, hata kama haijatoka.

ZUHURA: Kwetu tangawizi. Shangazi ana limao na chumvi.

BARAKA: Kuna mzee jirani yetu alikuwa analala kifudifudi juu ya mto, anaikandamiza.

ZUHURA: Sasa sikia. Hospitali yenyewe sitaji jina. Mtu wa mapokezi anauliza mgonjwa anasumbuliwa na nini, sijafungua mdomo, mama mkubwa kashajibu: "Gesi." Ikaandikwa hivyo hivyo! Nenda dirishani, subiri kontroo namba, mtandao uko chini. Na pale juu ya dirisha kuna karatasi imebandikwa kwa plasta: maumivu ya kifua, ECG ndani ya dakika 10, yaani kile kipimo cha umeme wa moyo. Kona moja imebanduka, feni inaipeperusha. Nikawa naisoma huku naangalia saa ya simu.

BARAKA: Dakika ngapi?

ZUHURA: 68.

BARAKA: Hukujitambulisha?

ZUHURA: Nilijitambulisha. Nikaambiwa, "Dada, hata sisi ni wauguzi." Walipompima, mshtuko wa ukuta wa chini wa moyo, umechora waziwazi.

BARAKA: Ah, wa chini. Basi hapo mama mkubwa mwonee huruma. Ule ukuta umelala juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mtu anasikia maumivu juu ya tumbo, anatapika, anasema ni chakula. Kiswahili chenyewe mahali pale kinapaita chembe cha moyo.

ZUHURA: Mama mkubwa nimemsamehe. Sijamsamehe aliyeandika.

BARAKA: Aspirini walimpa?

ZUHURA: Miligramu 300, atafune. Akagoma! "Dawa inamezwa, mimi si mbuzi." Nikamwambia baba, ukiitafuna inaingia kwenye damu haraka. Halafu ndugu wakaanza kelele mlangoni: "Mpeni gesi!" Wanataka mtungi wa oksijeni.

BARAKA: Subiri. Kaja na gesi, wanataka aongezwe gesi?

ZUHURA: Na akaongezwa! Oksijeni kwenye damu asilimia 97, kavalishwa barakoa ili ndugu wanyamaze. Wakati Sweden mwaka 2017 waliwapima wagonjwa zaidi ya 6,000, wakaona mtu aliye juu ya asilimia 90 hewa ile haimwongezei kitu.

BARAKA: Kipindi kimeshapotea hiki. Mambo matano, hata moja bado.

ZUHURA: Hili ndilo la kwanza. Mwongozo ulikuwa ukutani, mashine ilikuwepo, karatasi za mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuinuka.

BARAKA: Hapo sikubali. Nimekaa wilayani miaka sita. Usiku muuguzi mmoja, watoto wana degedege, mama anatoka damu, halafu anaingia mzee na soda yake. Nani ainuke?

ZUHURA: Yule yule. ECG inachukua dakika tano.

BARAKA: Dakika tano za nani? Na aliyeandika mwongozo alikuwa amekaa wapi? Mwongozo unasema mgonjwa afike kwenye chumba cha kuzibulia mishipa ndani ya dakika 120, ikishindikana apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Mimi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar, niko umbali wa siku nzima kwa basi. Na streptokinezi, dawa yenyewe hiyo ya kuyeyusha, sina.

ZUHURA: Aspirini unayo. 1988 walijaribu kwa watu 17,000 na zaidi, aspirini peke yake ikapunguza vifo kwa karibu robo. Bei ya kidonge unaijua. Mimi nasema muuguzi aitoe pale pale mlangoni, asisubiri daktari.

BARAKA: Hapana, dada. Nilipata mzee, kifua hivyo hivyo, jasho hivyo hivyo. Nimeshika dawa mkononi. Nikapima presha mkono wa kulia 180, wa kushoto 120. Mshipa mkubwa ulikuwa unachanika. Ningefuata karatasi nimpe dawa ya kuzuia damu isigande, ningemuua.

ZUHURA: Mwongozo wenyewe unakwambia upime mikono yote miwili!

BARAKA: Ule wa kurasa mia. Wa ukutani una mistari sita.

ZUHURA: Basi ongeza wa saba.

BARAKA: Na kesho wa nane, mpaka ukuta uishe. Na likiharibika, Baraza la wauguzi linamwita muuguzi, halikuiti wewe na kipindi chako.

ZUHURA: Wangapi wana mshipa unaochanika, na wangapi wanafia kwenye foleni wakisubiri kontroo namba?

BARAKA: Wa kwangu alikuwa mmoja. Nilimwona uso.

ZUHURA: Na mimi wa kwangu nilimwona uso.

(kimya)

BARAKA: ...Anaendeleaje?

ZUHURA: Alihamishwa usiku ule ule, wakamzibua. Waliingilia kwenye kifundo cha mkono. Jana nimeenda kumwona, amekaa kitandani anawaonyesha wageni plasta: "Gesi imetolewa hapa."

BARAKA: (anacheka) Kupitia mkono!

ZUHURA: Na mama mkubwa anaitikia! Anawaambia ilikuwa nyingi.

BARAKA: Haya, tuna dakika mbili. Nisome angalau la pili mpaka la tano?

ZUHURA: Zamu yangu inaanza saa mbili usiku na niko Mbagala.

BARAKA: Basi la troponini, kile kipimo cha damu cha moyo, wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki iliyopita tulisema hivyo hivyo kuhusu figo.

BARAKA: Na ile ya muuguzi kutoa aspirini mlangoni, sijakubali.

ZUHURA: Sijakuomba ukubali. Hiyo soda hapo mezani ni ya nani?

BARAKA: Yangu. Nina gesi.

ZUHURA: Baraka. Lete mkono. Yote miwili.