Kwa nini serikali ya Marekani hufungwa? Jibu liko Jamestown

Habari za nyumbani, ndugu zangu. Leo niko Jamestown, Virginia, ukingoni mwa mto James. Huo mnara wa matofali nyuma yangu ni mabaki ya kanisa la karne ya 17.

Wengi mnaniuliza: nchi tajiri hivi, inakuwaje serikali inafungwa, yaani ofisi zake zinasimama kwa kukosa pesa zilizoidhinishwa na Bunge? Mwishoni mwa 2018 ilifungwa kwa siku 35, wakaguzi wa viwanja vya ndege wakienda kazini bila mshahara. Nimekuja hapa kuwajibu.

Makazi haya yalianzishwa 1607 na kampuni ya wafanyabiashara wa London, yenye wanahisa wanaosubiri faida. Mambo yakaenda mrama: njaa, maradhi, vita na watu wa Powhatan, wenyeji wa eneo hili. Nani angetoka Uingereza aje kufia huku? Ili kuwavuta watu, kampuni ikaruhusu walowezi watunge baadhi ya sheria zao. Tarehe 30 Julai 1619, wajumbe 22 wakaketi kanisani, hapa hapa, pamoja na Gavana George Yeardley na washauri wake. Wakapiga marufuku kamari, wakakemea ulevi na uvivu. Joto la Julai hapa si mchezo, jamani. Mjumbe mmoja alifariki kikao kikiendelea, na siku ya sita wakaahirisha. Lakini kabla ya kutawanyika walijitoza kodi: kila mwanamume wa zaidi ya miaka 16 atoe ratili moja ya tumbaku bora, wakalipwe Spika, karani na wenzao.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, meli ikashusha Point Comfort, si mbali na hapa, Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola. Tumbaku ya Virginia ilikuja kulimwa na watu kama hao na vizazi vyao, na hakuna kikao kilichowauliza neno. Kwa ngozi yangu hii, siwezi kulipita hilo kimya.

Wazo la kuridhia kodi walowezi walikuja nalo kutoka kwao. Magna Carta, ile hati ambayo mabaroni walimlazimisha Mfalme John aikubali mwaka 1215, ilikataza baadhi ya tozo bila baraza la ufalme kuridhia. Mwaka 1624 Virginia nayo ikaandika: gavana asitoze kodi bila idhini ya baraza lile la wajumbe.

Sasa sikieni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1728 London ilimtuma William Burnet akawe gavana wa Massachusetts, koloni jingine la Uingereza huku, na agizo la mfalme kwamba alipwe mshahara wa kudumu. Wajumbe wakamwambia, pesa tutakupa, tena nono, ila tutaamua wenyewe kila mara. Kasheshe! Akawahamisha kutoka Boston hadi Salem akidhani watalegea. Wapi! Alifariki 1729 hajaupata.

Kwa hiyo mwaka 1765, Bunge la London lilipotoza ushuru wa stempu kwenye magazeti, hati za sheria, mpaka karata, watu wa makoloni walikuwa wamezoea kushika mfuko kwa zaidi ya miaka 100. Walidai haki yao wakiwa Waingereza: hatuna mbunge huko, hamtutozi.

Marekani ilipokuwa nchi huru, Katiba yake ya 1787 ikaufungia mfuko huo katika Bunge lake. Miswada ya kodi huanzia Baraza la Wawakilishi, na hazina haitoi senti bila sheria. Uingereza, waziri mkuu akikwama kwenye bajeti, serikali yake huanguka. Huku Rais na Bunge kila mmoja ana muda wake, hakuna wa kumng'oa mwenzake kwa sababu ya bajeti, kwa hiyo wanatunishiana misuli na ofisi zinafungwa. Kufunga ofisi kwenyewe ni mtindo wa miongo ya karibuni, lakini ugomvi ni ule ule wa Burnet.

Video ijayo tunaenda Washington, DC. Wakazi wake karibu laki 7 wanalipa kodi ya shirikisho, lakini mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi hapigi kura ya kupitisha sheria, na Seneti hawana mtu kabisa. Tangu mwaka 2000 wameiandika kero hiyo kwenye namba za magari: kodi bila uwakilishi. Nitazipiga picha mzione.