Umeme Ukikatika Kufumba na Kufumbua

REHEMA: Karibuni tena. Juma yuko hapa na daftari lake la hesabu kama mlivyomzoea. Leo tumeandaa mambo matano ya kufanya umeme unapochezacheza, lakini kwanza niwape ya Jumanne.

JUMA: Wape, maana tangu uniambie kwenye simu sijaacha kupiga hesabu.

REHEMA: Nipo mezani naandika. Taa ikazima, ikawaka. Kufumba na kufumbua. Kompyuta yangu haikushtuka, hata neno nililokuwa katikati yake nikalimalizia. Mara nasikia mdogo wangu chumba cha pili: “Jamani, insha yangu!” Ya kwake imejiwasha upya. Nyumba moja, pawasaplai, yaani lile boksi la kugawa umeme ndani ya kompyuta, za aina moja tulizonunua pamoja, yangu imesimama, yake imeanguka.

JUMA: Naye alikuwa akiandika tu?

REHEMA: Alikuwa anacheza mchezo wa mbio za magari, insha imefunguliwa nyuma yake, haijahifadhiwa.

JUMA: Basi jibu ni hilo. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita moja nene, kifaa cha kutunza umeme kwa muda mfupi, imechajiwa karibu volti 400. Ni kama tangi la maji juu ya paa: bomba la mtaani likikauka, nyumba inaendelea kunywa mpaka tangi liishe. Ukifungua bomba moja dogo unakaa sana. Ukifungua yote, ndiyo ya mdogo wako.

REHEMA: Inakaa muda gani sasa?

JUMA: Kipimo kilichozoeleka cha pawasaplai za ATX, zile za kawaida za kompyuta za mezani, ni kama milisekunde 17, mzigo ukiwa mkubwa; milisekunde ni sekunde moja ukiigawa mara elfu. Umeme wa hezi 50, wimbi moja tu ni milisekunde 20.

REHEMA: Kufumba na kufumbua ni ngapi?

JUMA: Kope la mtu? Kati ya milisekunde 100 na 400.

REHEMA: Kumbe hizo 17, kope halijafika hata chini!

JUMA: Halijafika. Sasa tazama: kapasita ya mikrofaradi 470, ndiyo ukubwa wa tangi, kwenye volti 390 inabeba nishati ya karibu juli 36; wati moja inakula juli moja kila sekunde. Zote hazitumiki, volti zikishuka mno pawasaplai inashindwa. Tuseme 15 ndizo za kazi. Wewe unaandika, mashine inavuta wati 50: milisekunde 300. Mdogo wako kwenye mbio zake, wati 400: hazifiki 40. Na hapo sijatoa kinachopotea kama joto.

REHEMA: Kwa hiyo mimi nilikuwa na muda mzima wa kufumba na kufumbua, yeye alikuwa na kope moja linaloanza kushuka.

JUMA: Andika hivyo hivyo.

REHEMA: Na taa? Mbona ilizima wakati mashine yangu inaendelea?

JUMA: Akiba yake ndani ni ndogo sana, au haina kabisa. Taa kupepesa hakukwambii lolote kuhusu kompyuta.

REHEMA: Na UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta, ikigundua umeme umekatika, inahamia kwenye betri kwa kope ngapi?

JUMA: Zile za kawaida za nyumbani, milisekunde 4 mpaka 10 hivi. Kapasita ndiyo inaivusha mashine katika hilo pengo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

REHEMA: Wasikilizaji, kuanzia leo tunapima kwa makope. Na wakati kapasita inaishiwa, mashine inajuaje?

JUMA: Kuna waya unaoiambia madabodi, lile bao kuu la kompyuta, kwamba umeme uko sawa. Pawasaplai inaufuta ujumbe huo angalau milisekunde 1 kabla volti hazijaharibika, na madabodi inasimamisha kila kitu. Diski ya kuzunguka, kwa ule mzunguko uliobaki, inazalisha umeme wa kutosha kurudisha vichwa vyake vya kusomea mahali salama. Hilo kila nikilifikiria nalipenda.

REHEMA: Ni zuri. Lakini insha ya mtoto imekwenda na maji. Ndiyo maana nasema kila kompyuta ya mezani iwe na UPS.

JUMA: Hapo sikubaliani nawe, dada. Mifumo ya faili ya leo, NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, inaandika kwanza kwenye jarida kile inachotaka kubadilisha. Umeme ukikatika, inasoma jarida na kujirekebisha. Mwenye pesa kidogo anunue diski ya pili aweke nakala, na programu yake iwe inahifadhi yenyewe kila dakika.

REHEMA: Jarida linalinda mpangilio wa faili, halilindi aya ambayo bado iko kwenye memori. Na SSD, diski zisizozunguka, nyingi za nyumbani hazina zile kapasita za akiba zinazowekwa kwenye za seva.

JUMA: Betri ya UPS ya risasi na asidi inachoka kwa miaka 3 mpaka 5. Wangapi wanaijaribu? Wanagundua imekufa siku wanayoihitaji. Nakala haichoki hivyo.

REHEMA: Nakala ya jana haina kilichoandikwa leo asubuhi!

JUMA: Na UPS haikuokoi diski ikifa yenyewe, au mtu akifuta faili.

REHEMA: Hilo ni jambo jingine kabisa, Juma. Nazungumzia kukatika kwa muda mfupi, ambako ndiko kunakotokea mara nyingi. Kwa hilo UPS inatosha, na nakala haitoshi.

JUMA: Mimi naanza na nakala. Siondoki hapo.

REHEMA: Nami siondoki kwenye UPS. Na wenye kompyuta mpakato wasitucheke, betri yao ni UPS tayari.

JUMA: Na ndiyo hoja yangu: wanunue hizo!

REHEMA: Muda umetuishia, na yale mambo matano hatujagusa hata moja. Dakika zote zimekwenda kwenye makope.

JUMA: Moja tu, la haraka. Printa ya leza isichomekwe upande wa betri wa UPS. Inapopasha moto rola yake inavuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS inazidiwa na kuzima.

REHEMA: Na ruta ichomekwe, tafadhali. Inatumia wati chache sana, na ikizima—

JUMA: Rehema, wanatukatia.