Kutunga jenomu za bakteria wa mbung'o kwa shanga

Haya karibuni tena, mezani leo kuna shanga za kioo nyekundu na nyeusi, nailoni ya kuvulia ile nyembamba, shazia, mfuko wa kaki, na hiki kitambaa cheupe maana shanga nyeusi juu ya meza hii kamera haizioni kabisa. Tunatunga jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, za bakteria wawili, Sodalis na Wigglesworthia, wanaoishi ndani ya mbung'o, wengine mnamwita ndorobo. Kila mtu anajua mbung'o anabeba malale, ila mi napenda zaidi habari za wapangaji wake wa ndani ya seli.

Kipimo: shanga moja ni herufi elfu kumi za DNA. Hii ndefu ni E. coli, bakteria wa utumboni, ndugu yao asiyeishi ndani ya seli, shanga 464, nimeshaitunga jana sipotezi muda wenu.

Sasa Sodalis. Herufi zake ni milioni 4.17, kwa hiyo shanga 417, unaona haijapungua sana. Lakini jenomu yake iliposomwa na kutangazwa 2006 karibu nusu tu ndiyo ilikuwa na maelekezo ya protini, jeni 972 zilikuwa zimeharibika, yaani zimo lakini zimekufa. Kwa hiyo tunga nyekundu 213 za sehemu yenye maelekezo na nyeusi 204 za sehemu isiyo nayo, zichanganye, usiweke nyeusi zote upande mmoja. Mfano wa jeni zilizopotea ni za kutengeneza vitamini B1, Sodalis anaichukua tu inayotengenezwa na mwenzake Wigglesworthia, na jeni usiyoihitaji ikiharibika hakuna wa kuizuia isiharibike.

Hapa sasa sogea karibu. Tunapunguza shanga, na nyeusi TU ndiyo inavunjwa. Narudia, nyeusi tu. Mwaka wa kwanza nilipofanya hili darasani nilichomoa shanga nyekundu moja kwa moja, wanafunzi wakaondoka wanaamini bakteria anachagua jeni asizozitaka anazitupa kama takataka, ikanichukua wiki mbili kuwatoa huko. Bakteria hachagui. Jeni inakufa kwanza, inabaki pale haifanyi kitu, halafu inakuja kufutika kidogo kidogo kila DNA inaponakiliwa vibaya. Kwanza nyeusi, ndio iondoke.

Kuvunja: usibane na plaizi, kioo kinakata nailoni na zote 417 zinamwagika. Pitisha ncha ya shazia kwenye tundu la shanga, sukuma taratibu, ipasuke kutoka ndani kwenda nje. Funika na kitambaa, linda macho... subiri, kamera imehamia ukutani. Haya. Sikiliza, tak! Umeona uzi? Haujakatika, shanga zimesogeleana na uzi umekuwa mfupi. Hapo ndipo penyewe, huo ndio ufutikaji wa DNA, pengo halibaki. Na ukisikia tak angalia tena rangi, nyeusi tu jamani.

Mfuko wa kaki ni wa swali ninaloulizwa kila mara, mbona E. coli hajapungua hivi? Weka nyuzi fupi ishirini humo, chache zenye nyeusi nyingi, mtoto achote mbili bila kuangalia. Hizo mbili ndizo kizazi kijacho. Mbung'o jike analea buu mmoja mmoja tumboni, anamlisha maziwa, na bakteria wachache wanapita kwenye hayo maziwa. Wakichotwa wabovu ndio hao hao wanaoendelea, humo ndani hawakutani na bakteria wengine wa kuwapa jeni nzima. E. coli wako wengi mno na wanabadilishana jeni, mwenye kasoro anapitwa na wenzake.

Sasa Wigglesworthia, huyu yuko na mbung'o makumi ya mamilioni ya miaka. Herufi 697,724, jenomu yake ilitangazwa 2002. Shanga 70! Weka kando ya ile ya 464, mi kila nikifanya hivi nanyamaza kidogo. Jeni zimebaki 600 na kitu, lakini zile za vitamini B nyingi zipo, maana mbung'o anakula damu tupu na damu haimtoshelezi vitamini hizo, jike akikosa huyu bakteria hazai. Hata herufi zenyewe, ambazo kwenye DNA ni nne, A, T, G na C, zimegeuka, kwenye kila 100 G na C ni 22 tu, E. coli ana 51 hivi, kwa sababu makosa mengi ya kunakili yanaegemea A na T.

Mwisho funga kila uzi uwe duara, fundo mara tatu, ile nailoni inateleza, mara tatu. Ukiwa na shanga 16 zimebaki tunga na Carsonella wa wadudu wanyonya utomvu, herufi 159,662, inatosha kuvaa kidoleni kama pete.

Mafungu ya shanga niliyoyahesabu tayari yapo, shazia imo humo humo.