Mvua ya Saa Mbili Zijazo: Rada Inaona Nini, Inakosa Nini

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Leo siizungumzii mvua ya kesho wala ya msimu. Naizungumzia mvua ambayo mara nyingi imeshaanza kunyesha mahali fulani, na swali ni kama itatufikia, saa ngapi, na kwa nguvu gani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huhesabu utabiri wa namna hii kuwa ule wa saa 6 za mwanzo. Kwa mvua ya ngurumo, nitawaonyesha kwamba hata saa 1 ni mbali.

Tuanze na chombo chenyewe. Antena ya rada hurusha pigo fupi la mawimbi ya redio, kisha hutulia ikisubiri mwangwi unaorudishwa na matone. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 1,000, matone yako umbali wa kilomita 150. Antena huzunguka, huinua pembe kidogo, huzunguka tena, na kwa dakika 5 hadi 10 hivi huwa imemaliza anga lote linaloizunguka.

Wengi hudhani rada inapima mvua. Inapima nguvu ya mwangwi, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Nguvu hiyo hufuata kipenyo cha tone kilichopandishwa kwenye kipeo cha sita. Tone la milimita 2 hurudisha mwangwi mara 64 ya tone la milimita 1, ilhali maji yake ni mara 8 tu. Maana yake, matone 64 madogo na tone moja kubwa hutoa mwangwi uleule, lakini yale madogo yamebeba maji mara 8 zaidi! Mwaka 1948 J. S. Marshall na W. M. Palmer walichapisha kazi yao kuhusu mgawanyo wa ukubwa wa matone, na fomula inayobeba majina yao ingali inatumika kugeuza mwangwi kuwa milimita za mvua kwa saa. Ni fomula nzuri, ila ni ya wastani, na wingu lililo juu yako si lazima lifuate wastani.

Rada mpya zimepunguza tatizo hili kwa kurusha mawimbi ya mlalo na ya wima kwa pamoja. Tone kubwa linapoanguka hubanwa na hewa likawa bapa, kwa hiyo mwangwi wa mlalo huwa na nguvu kuliko wa wima. Tofauti hiyo hudokeza ukubwa wa matone, na husaidia kuitenga mvua ya mawe. Pia husaidia kuwaondoa ndege, popo na wadudu, ambao nao hurudisha mwangwi.

Umbali nao una madhara yake. Mwale uliorushwa kwa pembe ya nyuzi 0.5 hufika kiasi cha kilomita 4 juu ya ardhi ukiwa umbali wa kilomita 200, kwa sababu dunia inajipinda chini yake. Mvua inayotokea chini ya hapo haionekani.

Tuseme picha ni nzuri. Kutabiri tunafanyaje? Tunachukua picha kadhaa zinazofuatana, kompyuta inatafuta kila kipande cha mvua kimehamia wapi, kisha tunauendeleza mwendo uleule. Njia hii ni nyepesi, na kwa nusu saa ya kwanza ni vigumu kuishinda. Udhaifu wake ni kwamba inahamisha mvua bila kuizalisha wala kuiua. Wingu moja la radi huweza kuchipuka, kukomaa na kufa ndani ya saa 1. Linapokufa, hewa baridi inayoporomoka kutoka ndani yake husambaa ardhini, huinua hewa yenye joto na unyevu, na wingu jipya huzaliwa pembeni ambako picha ya mwisho haikuwa na kitu. Ndiyo maana eneo pana la mvua, la mamia ya kilomita, hufuatilika kwa saa kadhaa, na kiini, yaani sehemu ya mvua kali ya kilomita chache tu, hupotea mapema sana.

Hapa naomba tukae kidogo. Kompyuta iliyofunzwa kupunguza kosa la wastani, ikiwa haina hakika kiini kitaangukia wapi, hukisambaza. Kiini cha milimita 60 kwa saa hugeuka doa pana la milimita 15. Kosa la wastani limepungua, na hatari imefutwa kwenye ramani. Mimi nalihesabu hili kuwa kosa la usalama, kwa sababu kiini hicho ndicho kinacholeta mafuriko ya ghafla. Mwaka 2021 watafiti wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, na wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, walionyesha katika jarida la Nature modeli inayotoa picha zisizofifia hadi dakika 90 mbele. Kabla yao kulikuwa na njia ya kutengeneza hali nyingi zinazowezekana kisha kuzihesabu: kama 7 kati ya 20 zinaleta mvua kubwa, tunasema asilimia 35.

Na zipo dakika zinazopotea njiani. Rada inakagua, takwimu zinachakatwa, mtabiri anasoma, onyo linaandikwa, linatumwa. Zikipita dakika 20 kwa wingu litakaloishi dakika 40, nusu ya utabiri imeliwa. Nikiambiwa nichague modeli bora kidogo au onyo linalofika dakika 10 mapema, nachukua zile dakika 10.

Asilimia 35 inatosha kuchukua hatua? Inategemea unalinda nini. Anayeanika nguo anaweza kungoja. Anayesimamia barabara inayopita chini ya daraja na kujaa maji afunge kwa asilimia 20, na kiwango hicho akipange na watabiri siku ya jua, kabla wingu halijaonekana.

Karibuni kwa maswali.