Charles Todd na waya uliovuka jangwa

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka Daudi, leo umetuletea mtu wa posta.

DAUDI: Ndiyo, dada. Charles Todd, mtoto wa muuza majani ya chai, aliyekulia Greenwich, Uingereza. Mwaka 1855 alioa, na mwaka huohuo akapanda meli na mkewe Alice kwenda Adelaide, koloni la Australia Kusini, akawe msimamizi wa telegrafu, yaani mitambo ya kupeleka habari kwa waya, na mpima nyota wa serikali.

ZUHURA: Nyota na telegrafu vinakutania wapi?

DAUDI: Kwenye saa. Kituo cha nyota cha Greenwich, alikofundwa kazi, kilikuwa kikipima saa sahihi kwa nyota na kuirusha kwa waya. Mwaka 1870 akawa Postamasta Mkuu, barua na telegrafu zote chini yake. Koloni likaahidi kusimamisha nguzo kutoka Port Augusta, pwani ya kusini, hadi Darwin, pwani ya kaskazini, kilomita zipatazo 3,200, kabla ya Januari 1872, zikutane na kebo ya baharini itokayo kisiwa cha Java, Indonesia ya leo.

ZUHURA: Kilomita zote hizo katikati ya jangwa!

DAUDI: Nguzo kama 36,000. Kusini kazi ilikwenda. Kaskazini mvua ilipiga, mikokoteni ikakwama matopeni, wakandarasi wakaondolewa. Todd akafunga safari mwenyewe. Mwezi wa ahadi ukapita, ila hawakukaa kungoja: telegramu ilifika mwisho wa waya, akaipokea mpanda farasi, akaikimbiza hadi nguzo zinapoanzia tena.

ZUHURA: Tarishi!

DAUDI: Tarishi hasa. Mimi hapo ndipo nilipompenda. Tarehe 22 Agosti 1872 waya ukaungana. Todd alikuwa Central Mount Stuart, katikati ya bara, usiku wa baridi, ana mashine ndogo ya kubebea, anapokea pongezi.

ZUHURA: Nina neno. Vituo vya telegrafu vilijengwa penye maji, na maji ya jangwani hayakosi mwenyewe.

DAUDI: Yalikuwa ya wenyeji: Waarrernte, Wakaytetye na wengine. Mwaka 1874 Wakaytetye walishambulia kituo cha Barrow Creek, wakafa wafanyakazi wawili. Kisasi kilichofuata kiliua wenyeji wengi.

ZUHURA: Basi hilo tusilitenge na sifa zake. Waya ulipita mlangoni mwa watu bila hodi.

DAUDI: Kweli kabisa. Na mjini Adelaide aliheshimika mno. Alikaa miaka mingi katika baraza la chuo kikuu, na makarani wake wa telegrafu walimtumia vipimo vya mvua na joto, akavigeuza ramani za hali ya hewa. Aliacha kazi mwaka 1905 akiwa na miaka 78, akafariki 1910.

ZUHURA: Na Alice?

DAUDI: Alitangulia, 1898. Jina lake walilipa dimbwi la maji karibu na kituo kimoja. Leo ni mji, Alice Springs, na mto wake unaitwa Todd.

ZUHURA: Waarrernte walipaita Mparntwe. Mpaka leo wanapaita hivyo.