Feni, Kope na Miwani: Kwa Nini Macho Huwasha Ikifika Saa Tisa

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mchunguzeni jirani anayechezea simu, mumhesabie anapepesa mara ngapi kwa dakika moja. Asijue, maana akijua atapepesa kwa makusudi.

Wengi mmepata chini ya kumi. Mtu anayepiga soga hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akikodolea skrini hushuka hadi mara tano au saba, na nyingi kati ya hizo ni nusu tu: kope la juu linashuka, linaishia njiani, linarudi. Hiyo nusu ndiyo yenye madhara. Jicho hulindwa na utando mwembamba wa machozi ambao juu yake kuna mafuta, yanayokamuliwa kutoka kwenye vitezi vya ukingo wa kope pale kope mbili zinapogusana. Zisipogusana mafuta hayatoki, maji yanakauka upesi, na sehemu ya chini ya jicho inabaki wazi. Ndipo mnaposema mchanga umeingia.

Kuna anayebisha: "Mbona mimi macho yananitoka machozi?" Ni kwa sababu yamekauka. Jicho likiwashwa humwaga maji mengi kwa mkupuo, lakini maji hayo hayana mafuta ya kutosha, yanateremka shavuni na ukavu unabaki palepale.

Basi dawa ya kwanza haina bei. Fumba macho taratibu, hesabu mbili, bana kidogo, fumbua. Mara kumi, kila saa. Ya pili ni feni. Ofisi zetu za Dar na Mombasa joto tunalijua, sisemi mzime. Ielekezeni miguuni au ukutani, isipulize uso. Kiyoyozi vilevile.

Skrini nayo isikae juu. Ukiinua macho, kope hufunguka zaidi na eneo linalokauka huongezeka. Katikati ya skrini iwe chini ya usawa wa macho kwa shubiri moja hivi, umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma yako. Mwangaza upimeni kwa karatasi nyeupe iliyowekwa kando ya skrini: skrini iking'aa kama taa, punguza, ikionekana ya kijivu, ongeza.

Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Msuli unaorekebisha lenzi ndani ya jicho hulegea ukitazama mbali, na ukuta ulio mita moja mbele yako si mbali. Kuacha kompyuta ukashika simu ndiyo kabisa: umetoka sentimita 60 ukaenda 30, halafu unaita mapumziko!

Sasa wenzangu wa miaka 40 na kuendelea, hapa naomba utulivu. Miwani ya kusomea ya +2.00 uliyonunua barabarani, kama mbali unaona vizuri bila miwani, inakuonyesha sawasawa hadi nusu mita tu. Skrini iko sentimita 65. Kwa hiyo unainama mbele, na jioni unalalamikia shingo. Mwenye lenzi za ngazi mbili naye huinua kidevu ili asome kwa sehemu ya chini. Pima kwa futi kamba kutoka jichoni hadi kwenye skrini, andika namba hiyo, mpelekee anayekupima macho. Atakupa nguvu ya umbali huo.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu? Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na lenzi za kawaida. Hela hiyo afadhali ununue kibodi ya pembeni, laptopu uipandishe juu ya vitabu hadi kimo kile nilichosema.

Matone ya machozi bandia yanafaa. Ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia yasiharibike. Ya kung'arisha weupe hurudisha wekundu ukiyaacha. Yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, usinunue kwa kuambiwa na jirani: yakitumika muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na kama jicho moja linauma sana, uoni umeshuka ghafla, au unaona duara za rangi kuzunguka taa, hilo si la kompyuta. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Karibuni maswali. Yule mama pale nyuma, aliyekaa chini ya feni.