Ng'ang'a hana kosa: majina yanayoharibikia kwenye pachi za imeili

Haya jamani, mlionisikia nikisema haya siku nyingine mnivumilie, maana bado mnanitumia kwa imeili pachi, yaani faili za mabadiliko ya msimbo kutoka Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), zenye majina yaliyopondeka.

Kuna mmoja huwa ananiambia, bro, hizo herufi za ajabu ni shida za kina José na Jörg, Kiswahili chetu ASCII, ile seti ya herufi za Kiingereza tu, inatosha. Eeh? Na Ng'ang'a je? Apostrofi ya kibodi ni ASCII kweli, baiti moja, 27 kwa heksa. Sasa kijana anakopi jina lake kwenye CV, ile programu ya kuandikia ilishaipinda apostrofi kitambo ikawa U+2019, namba yake kwenye Unicode, na kwa usimbaji wa UTF-8 ni baiti tatu, e2 80 99, kwa macho haoni tofauti, anabandika kwenye user.name, pale Git inapotoa jina la mwandishi, na maisha yanaendelea. Pachi inafika kwa mwenye mradi imeandikwa Ngâ€™angâ€™a. Hapo ndo utasikia oh Git mbovu, oh seva.

Git imekosa nini? format-patch, amri yake ya kutengeneza pachi, ikikuta jina hilo inaandika =?UTF-8?q?Ng=E2=80=99ang=E2=80=99a?= kwenye mstari wa From wa imeili, na nawaomba msiiguse, kuna watu wanaifuta kwa mkono wakidhani uchafu! Hiyo ni RFC 2047 ya mwaka 1996, kanuni ya kuandika herufi zisizo za ASCII kwenye vichwa vya imeili, na git am, amri ya kupokea pachi, itaifungua yenyewe. Balaa lipo ukituma pachi ya mwenzako, jina lake linashuka ndani ya barua, huko halijafungwa hivyo, linategemea Content-Type, kichwa cha imeili kinachotaja usimbaji, iseme charset=UTF-8, na wewe umepesti kwenye brauza iliyosema windows-1252, usimbaji mwingine wa zamani, unategemea nini?

Macho yanadanganya, terminali nayo inadanganya, angalia baiti. Anzia kwako, xxd itakuonyesha baiti kwa heksa:

git log -1 --format=%an | xxd

Ukiona e2 80 99 basi komiti, yaani mabadiliko uliyohifadhi kwenye Git, iko salama kama ilivyoandikwa, nenda kwenye faili la pachi, halafu chanzo ghafi cha imeili iliyofika, sio ile iliyopambwa. Ukiona c3 a2 e2 82 ac e2 84 a2, hilo limesimbwa mara mbili, UTF-8 ilisomwa kama windows-1252 ikaandikwa upya. Pale baiti zinapobadilika ndo penye mwizi.

Kama komiti haijaunganishwa kwenye mradi, rekebisha user.name kwa apostrofi ya kibodi kisha git commit --amend --reset-author. Ikishaunganishwa usiguse historia, heshi (vitambulisho vya komiti) zote za mbele zitabadilika, weka mstari kwenye .mailmap, faili la kusahihisha majina yanayoonyeshwa, yaishe.

Naona naonyeshwa saa. sendemail.assume8bitEncoding, mpangilio wa Git wa usimbaji wa pachi unazotuma kwa imeili, mtaisoma wenyewe. Wewe wa nyuma unayecheka, hebu lete laptop yako hapa tuipitishie xxd.